King'ora cha Viziwi

Nchi yenyewe sitaitaja. Nina mke, nina watoto wanne, na nina barua ya kustaafishwa ambayo bado haijapigwa muhuri. Msomaji akiitambua nchi hiyo, ni kwa akili zake mwenyewe, na tafadhali asiseme kwamba aliambiwa na mimi.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Usikivu, nami nilikuwa karani wake wa kumbukumbu za vikao. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa. Pale yaliyosemwa yalipokuwa hayapendezi, niliandika yale ambayo yangesemwa kama wasemaji wangekuwa na adabu. Niliifanya kazi hiyo miaka tisa, na mwaka wa saba nilitunukiwa saa ya ukutani yenye picha ya Waziri.

Waziri alikuwa Mheshimiwa Dakta Fumbwe. Mungu alimjalia masikio makubwa, na mchoraji wa wizara akayaongeza kidogo kwenye mabango yaliyoandikwa SEMENI, TUNASIKIA. Kila Jumatatu alituhutubia tukiwa tumesimama. "Katika miaka yangu kumi na moja hapa," alikuwa akisema, "sijasikia hata kiziwi mmoja akilalamika. Hayo, ndugu zangu, ndiyo matunda ya utawala bora!"

Tulipiga makofi, nami niliandika kwamba yalikuwa ya muda mrefu.

*

Sasa, bondeni chini ya bwawa la Mwaja palikuwa na shule ya bweni ya watoto viziwi. Watoto walikuwa sitini na wawili. Mwalimu wao mkuu, Bi Siwatu Kibwana, naye alikuwa kiziwi tangu homa ilipompitia akiwa na miaka mitatu.

Mvua za milimani zikizidi, bwawa hujaa, na mhandisi hana budi kufungua milango. Maji huchukua dakika ishirini kufika bondeni. Kabla hajafungua, sheria inamtaka apige king'ora, watu wapande kilimani. Mwaka ule uliotangulia alikipiga kama sheria inavyotaka, bonde zima likakimbia. Wasichana wa shule ile waliendelea kufua nguo zao nyuma ya bweni. Maji yalisimama kwenye kizingiti cha mlango, kwa rehema tu, wala si kwa mpango wa mtu.

Mwalimu Siwatu akaja wizarani na ombi la mstari mmoja. Alitaka taa moja nyekundu juu ya mlingoti, na swichi yake ikae bwawani kwa mhandisi. Akipiga king'ora, awashe na taa. Basi.

Alielekezwa kwenye Dawati la Huduma kwa Viziwi, ambalo tulikuwa tumelizindua kwa shangwe. Lilikuwa na zulia, viti vya kuzunguka na kipaza sauti kipya. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: mwenye shida anakaa, jina lake linaitwa mara tatu kwenye kipaza sauti, na asipoitika faili linarudishwa masijala. Mwalimu Siwatu alikaa pale siku nne.

Siku ya nne nilipita na chai yangu, nikamkuta ameketi kwa utulivu, mkoba mapajani, macho kwa yule binti wa dawati.

"Huyu mama vipi?" nikauliza.

"Mwache huyo," akasema binti. "Nimemwita mpaka koo limenikauka. Ananitazama tu. Kiburi kimemjaa."

Kwenye jalada la faili lake tayari palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu: *Ameitwa mara kumi na mbili, hakuitika. Jeuri.* Nami, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa sina kikao, nikamgusa bega na kumwonyesha mlango wa Waziri. Sijui nilikuwa nimekula nini asubuhi ile.

*

Waziri alilisoma ombi lake, akaunda kamati ya wataalamu kumi na mmoja, wote wenye masikio mazima, waliokutana wiki sita kwenye hoteli moja ya ufukweni. Waliligeuza suala juu chini. Mwisho wakagundua kwamba tatizo la viziwi ni sauti ndogo wanazopewa. Walipendekeza king'ora kikubwa zaidi.

Kililetwa kutoka ng'ambo kwa meli. Kilipojaribiwa bandarini, nchi jirani ilituletea barua ya malalamiko, na Waziri akaiweka barua hiyo kwenye fremu.

Ilibaki kuwashirikisha wananchi, maana sisi hatufanyi jambo bila kuwashirikisha wananchi. Kikao kikafanyika kwenye bwalo la shule. Waziri alikuja na Mkalimani Mkuu wa Taifa, mpwa wake, kijana mwenye glavu nyeupe ambaye cheti chake cha lugha ya alama alijisainia mwenyewe. Waziri alihutubia, mpwa akawa anazungusha mikono. Watoto walimtazama kwa makini, kisha mmoja akamwuliza mwenzake jambo kwa vidole, na benchi zima likaangua kicheko. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa ameuliza huyu kaka anafua nguo za nani.

"Wanaokataa king'ora," akasema Waziri, "waseme *la*, kwa sauti inayosikika!"

Watoto sitini na wawili na walimu wao sita wakanyanyua mikono. Walikuwa wanakataa. Mikono ilikata hewa, vichwa vikitikisika, na Mwalimu Siwatu mbele yao akirudia alama ile ile mpaka kanga ikamdondoka begani. Hata mbuzi aliyekuwa mlangoni angejua kwamba watu hawa wanakataa.

"Sijasikia *la*," akasema Waziri. Akanigeukia mimi. "Karani, wewe umesikia?"

Nina mke, nina watoto wanne. Nikasema sijasikia. Kisha nikaandika: *Azimio limepita bila kupingwa. Wanafunzi walipunga mikono kwa furaha.*

*

Kesho yake Mwalimu Siwatu aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Akachukua kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio langu, akavuta daftari langu rasmi, akaandika kwa hati nzuri ya kiualimu: *Bwana Karani, uliona au hukuona?*

Niliandika: *Niliona.*

*Basi wewe ndiye unayenitisha zaidi,* akaandika. *Mvua zinaanza mwezi ujao. Watoto wangu wakifa, utaandika walikufa kwa furaha?*

Niliona haya, na naisema hivyo hivyo. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwandikia nikimwuliza siku ile mikono yao ilikuwa inasema nini hasa. Akanionyesha. *Hapana* ni hivi. *Hatari* ni hivi. *Maji*, vidole kwenye kidevu, halafu mkono unateremka. Alinirekebisha kidole gumba kama anavyomrekebisha mtoto wa darasa la kwanza.

Tangu hapo, kila mchana, wenzangu walipokwenda kula, mimi nilipanda baiskeli kwenda bondeni. Watoto walinipa jina, maana kwao mtu hana jina mpaka apewe la mikono: kidole kikipita nyuma ya sikio, pale ninapoweka kalamu. Walinionyesha na nguzo yao. Kwa kuwa taa hawakupewa, walikuwa wamechomeka nguzo ukingoni mwa mto na kuipaka pete tatu: nyeupe chini, ya njano kati, nyekundu juu. Waliishikia zamu mchana kutwa, wawili wawili, na mlinzi aliikagua kwa tochi usiku. Pete nyekundu ikizama, kila mtu anashika mkono wa mwenzake na kwenda kilimani, hakuna kurudia kiatu.

Mvua zikaanza. Wiki ya kwanza pete nyeupe ikapotea. Wiki ya pili niliona maji yakilamba ya njano, na usingizi ukanihama.

*

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Waziri akaamua ndiyo siku ya kuzindua king'ora.

Uwanja wa sherehe ulikuwa pale pale bondeni, kando ya mto, uliozungushiwa ukuta wa mabati kwa ajili ya usalama, isipokuwa upande wa mtoni. Watu elfu tatu waliletwa kwa malori. Palikuwa na bendi ya brasi, vikundi vya ngoma, mama ntilie na wauza vitumbua. Watoto wa Mwalimu Siwatu waliwekwa mstari wa mbele juani, wamevalishwa fulana zenye sikio. King'ora chenyewe kilikuwa pembeni ya jukwaa, juu ya mlingoti mrefu ambao taa ingekaa vizuri tu. Swichi yake ilikuwa bwawani, kwa mhandisi, aliyeagizwa akipige kwa heshima Waziri atakapokata utepe.

Lango lilifungwa kwa mnyororo, kwa kuwa katika nchi hiyo ni kosa kuondoka Waziri akiwa anasema. Ufunguo alikuwa nao Sajini Mbaruku, mtu mrefu, mpole, asiyejua kuvunja amri hata kwa bahati mbaya. Mkewe alikuwa miongoni mwa wauza vitumbua, upande wa mtoni.

Saa nne na robo utepe ukakatwa. King'ora kikalia. Wallahi, nilihisi meno yangu yanahama. Watu waliziba masikio, kisha wakashangilia, bendi ikadaka, na Waziri akanyanyua mikono miwili juu kama bondia. Kilipokoma akaanza hotuba.

"Ndugu zangu viziwi," alisema, "leo mmesikia!"

Mpwa wake akafua na kusuuza.

Hotuba ilikuwa haijafika ukurasa wa pili king'ora kikalia tena. Safari hii hakikukoma. Watu wakazidi kushangilia, wakidhani heshima imeongezwa. Waziri mwenyewe alidhani hivyo. Alitabasamu, akampungia mkono mhandisi kule mbali, akaendelea kusoma bila yeyote kumsikia. Mimi nilikuwa mezani na daftari langu. Sikujua kwa nini mkono wangu umeacha kuandika, mpaka nilipomwona Mwalimu Siwatu.

Alikuwa haangalii jukwaa. Alikuwa anaangalia mto, nami nikaangalia alikoangalia. Kwenye nguzo ya watoto hapakuwa na pete hata moja.

Akasimama. Akampa Waziri mgongo, jambo ambalo sijawahi kuliona tena katika maisha yangu, akawageukia watoto wake. *Maji. Simameni. Mlima.* Hakurudia. Watoto sitini na wawili walisimama kama mtu mmoja, wakashikana mikono wawili wawili, wakaanza kutembea haraka kuelekea langoni.

Langoni Sajini Mbaruku alitandaza mikono. "Rudini! Mheshimiwa anasema!"

Mwalimu alimwonyesha kwa mikono, akamnyooshea kidole mto, akamwonyesha tena. Sajini alitikisa kichwa. "Sema kwa mdomo, mama! Mimi sielewi hayo!" Mkono wake ukashuka kwenye kirungu. Mtoto wa mbele kabisa, msichana mdogo anayeitwa Mashavu, alishika mnyororo na kuanza kuuvuta kwa vidole vyake.

Nilikimbia. Ningemweleza sajini kwamba maji yanakuja, angeniuliza barua iko wapi. Nimekaa serikalini miaka tisa, najua mlango unafunguliwa kwa neno gani.

"Afande!" nikampigia kelele sikioni. "Mheshimiwa ameagiza watoto wapelekwe kilimani kupigwa picha! Wapiga picha wanasubiri!"

"Picha?" akasema. Uso wake ukatulia. "Sasa si mngesema mapema!"

Akafungua mnyororo. Nikawahesabu wakipita, wawili wawili, mpaka sitini na wawili, na walimu. Mwalimu Siwatu alikuwa wa mwisho. Alinishika mkono, akanivuta. Nikamwonyesha wale waliobaki, akaniachia, akakimbia kuwafuata wanawe.

Nilirudi katikati ya uwanja. "Maji!" nikapiga kelele. "Maji yanakuja! Kimbieni!" Sikujisikia mimi mwenyewe. King'ora kilikuwa kinalia kwa nguvu zote ambazo wataalamu kumi na mmoja walikuwa wametupendekezea. Nikapanda jukwaani, nikanyakua kipaza sauti mkononi mwa Waziri, nikapiga kelele mpaka nikaonja damu kooni. Hakuna aliyegeuka.

Nikatupa kipaza sauti. Nikaweka vidole kidevuni, nikateremsha mkono. *Maji. Hatari. Mlima.* Nilifanya alama zote nilizofundishwa, kwa usahihi, kidole gumba mahali pake, mbele ya watu elfu tatu wenye masikio mazima. Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu aliniona, akafurahi, akanyanyua mikono yake na kuniigiza akicheza. Wa nyuma yake wakamwiga yeye. Uwanja mzima ukawa unanipungia.

Wachache walioona watoto wakitoka waliwafuata, nao wako hai.

*

Taarifa rasmi ilisema walifariki wawili, na kwamba wote wawili walikuwa na maradhi ya zamani. Wengine mia nne na kitu waliandikwa kuwa "bado hawajaripoti". Waziri alinusurika kwa sababu jukwaa lake lilijengwa juu kulingana na cheo. Mimi nilinusurika nikiwa nimeshika mguu wa jukwaa hilo hilo. Sajini Mbaruku alimtafuta mkewe siku tisa kwenye matope, akiwa na sare yake. Hakumpata.

Tume ikaundwa. Mhandisi alieleza kwamba milango ilipokaribia kupasuka alipiga king'ora cha hatari, halafu akapiga simu mara sita kwa msaidizi wa Waziri, ambaye hakuisikia kwa ajili ya king'ora. Mimi nilieleza yote, hata lile la kupunga mikono kwa furaha. Nilipewa barua ya kustaafishwa kabla sijafika mlangoni.

Na tume ikatoa hukumu yake, ambayo naikumbuka neno kwa neno. King'ora kililia. Walioondoka ni watoto wa shule ya viziwi. Mtu huondoka kwa sababu amesikia. Kwa hiyo watoto hao wanasikia, wamekuwa wakiidanganya serikali, na shule yao inafungwa mara moja.

"Na wale elfu tatu waliobaki uwanjani?" aliuliza mwandishi mmoja wa habari.

"Uchunguzi unaendelea," akajibu mwenyekiti, "iwapo hao ndio viziwi."

*

Shule wakati huo ilikuwa kilimani, chini ya mahema tuliyoshona kwa mabango ya kampeni. Nililala huko nikisaidia kubeba maji na kuni. Kwa watoto wale kufungwa kwa shule kulikuwa na maana moja. Mashavu angerudi kwenye nyumba ambayo hakuna ajuaye hata kumwuliza kama ana njaa, akae pembeni ya ukuta akiangalia midomo ikifunguka na kufungika, mpaka azeeke. Alijua hivyo. Alikuwa amefunga kibegi chake na kukificha kichakani, ili akitafutwa asipatikane yeye wala kibegi.

Amri ililetwa na Sajini Mbaruku asubuhi ya Jumanne. Alikuja peke yake kwa miguu, amekonda. Nyuma yake, chini ya kilima, lori la polisi lilikuwa linasubiri.

"Kanuni inataka niisome kwa sauti mbele ya mhusika," akasema bila kututazama. Akaisoma. Ilikuwa kurasa tatu. Mwalimu Siwatu alisimama mbele yake na watoto nyuma yake, nami nikawa natafsiri kwa mikono yangu mibovu, nikikosea, nikirudia. Nilipofika kwenye neno la kufunga aliinua kiganja kunizuia. Alikuwa ameshaelewa. Watoto pia. Hakuna aliyesogea.

Sajini alitoa fomu na kalamu. Mwisho wake palikuwa na mstari wa kujazwa na ofisa aliyeisoma amri: *Mhusika AMESIKIA / HAKUSIKIA amri hii. Futa lisilohusika.* Chini yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba amri haitekelezwi mpaka mhusika awe amesikia.

Alikaa na fomu ile muda mrefu. Kule chini dereva wa lori alipiga honi. Hakuna mtoto aliyegeuka, ila Sajini aligeuka, na mimi niligeuka, kisha tukatazamana.

"Bwana Karani," akasema taratibu. "Wewe ulikuwa unaandika kumbukumbu za serikali."

"Ndiyo, afande."

"Siku ile langoni ulinidanganya."

"Nilikudanganya, afande."

"Leo usinidanganye." Akaigusa fomu kwa kalamu. "Huyu mwalimu, nilivyosoma pale, kwa haki ya Mungu, alisikia?"

Lori likapiga honi tena. Mwalimu Siwatu alikuwa ananitazama mimi, Mashavu ameshika pindo la gauni lake.

"Hakusikia, afande," nikasema. "Hata neno moja."

Akaiweka fomu juu ya goti, akafuta neno moja kwa mstari ulionyooka, akaweka sahihi na tarehe. Kanuni, alisema, inamtaka arudi kila baada ya siku thelathini aisome upya mpaka isikike. Nikamwambia karibu sana.

Hajakosa hata mwezi mmoja. Juzi alikuja kwa mara ya kumi na moja. Alisimama wima mbele ya darasa, akasoma kurasa zote tatu kwa sauti ya juu, asiruke hata nukta, na alipomaliza aliniuliza kama kuna yeyote aliyesikia. Nikamwambia hakuna, akafuta, akasaini, akateremka kilimani kwenda kuripoti.